Mr Bean hasemake, lakini kila mutu anamuelewa: kichekesho cha mwili kutoka Uingereza

Weka Mr Bean kwenye televizio mbele ya watu watano. Mmoja anasema Kinande, mwingine Mashi, mwingine Kirega, mwingine Kihema, wa mwisho Lingala ya Kisangani. Hakuna atakayemuuliza mwenzake: "Amesema nini?" Filme nyingine za ng'ambo tumezizoea na sauti ya mtafsiri juu yake, yule anayeongeza na mambo yake mwenyewe, saa zingine matamu kuliko filme. Kwa Mr Bean mtafsiri hana kazi. Na sisi watu wa redio vilevile: sauti njo mali yetu yote, na huyu bwana hawezi kupita kwetu hata dakika moja. Njo maana tumemuleta hapa kwa maandishi.

Wengi wanafikiri ni mzungu tu mwenye sura ya kuchekesha, na mambo yanaisha hapo. Hapana. Ile kimya yake ina historia ndefu, na mwanzo wake ni sheria iliyofunga watu kinywa.

Tuanze na mwenyewe. Jina lake ni Rowan Atkinson. Alizaliwa tarehe 6 januari 1955 kule Consett, kaskazini mwa Uingereza. Si mtu wa kushindwa masomo: alisoma mambo ya umeme kwenye chuo kikuu cha Newcastle, kisha akaendelea Oxford, na hapo Oxford akakutana na Richard Curtis, mwandishi ambaye wangefanya naye kazi miaka mingi. Atkinson ana kigugumizi. Amelieleza yeye mwenyewe hadharani, na amesema kwamba akiwa ndani ya mtu mwingine anayemuigiza, kigugumizi kinapotea. Tusikimbilie kusema kwamba njo sababu Mr Bean hasemake, maana Atkinson ni fundi wa maneno pia; wanaojua Kiingereza wanaweza kumutazama katika Blackadder, pale anaongea kama wembe.

Mwaka 1987 alialikwa kwenye tamasha la vichekesho la Montréal, Kanada. Tamasha hilo lilikuwa na sehemu mbili, ya Kiingereza na ya Kifaransa. Atkinson akaomba awekwe kwa Wafaransa. Waandaaji wakashangaa, sababu katika mchezo wake hakukuwa na neno hata moja la Kifaransa. Yeye alikuwa anapima kitu: mwili peke yake unaweza kuchekesha watu wasiojua lugha yake? Walicheka. Kwa sisi tunaojua vizuri ubishi wa nani anaongea Kifaransa na nani hajui, ni jambo la kufurahisha kwamba Mr Bean alijaribiwa kwanza mbele ya watu wa Kifaransa, na bila Kifaransa.

Kipindi cha kwanza kilionyeshwa Uingereza tarehe 1 januari 1990. Mwaka huohuo kikapata tuzo kubwa ya Montreux, Uswisi. Na hapa kuna jambo ambalo wengi hawajui: vipindi vyenyewe ni 15 tu. Kumi na tano! Kila kimoja hakifikii nusu saa, na kazi ilimalizika mwaka 1995. Yote mengine tunayoonaka ni filme mbili, ya 1997 na ya 2007, pamoja na katuni zilizoanza 2002. Vile vipindi 15 njo vinazunguka dunia mpaka leo.

Angalia kile cha kwanza. Sehemu ya kwanza ni mtihani. Mr Bean anaingia na kalamu nyingi, anajipanga, kisha anafungua karatasi na kuona maswali ambayo hakujifunza. Anaanza kupeleka jicho kwa jirani. Nani hapa aliyepita examen d'État asiyeijua ile jasho? Sehemu ya mwisho ni kanisani: usingizi unamukamata wakati wa mahubiri, anapigana nao, mwili unaanguka kidogokidogo mpaka kichwa kinafika chini magotini. Sijui kama kuna parokia au kanisa la uamsho kwetu ambalo halina muumini wa namna hiyo kila siku ya Mungu.

Lakini sehemu ambayo mimi naiona kubwa kuliko zote iko katika kipindi cha pili, cha novemba 1990. Mr Bean anaingia katika mgahawa wa heshima, peke yake. Ni siku yake ya kuzaliwa. Anatoa kadi, anaandika, anaifunga ndani ya bahasha, anaiweka mezani. Kisha anajifanya ameiona sasa hivi, anaifungua, anafurahi. Amejiandikia mwenyewe. Hakuna aliyekuja. Watu wanacheka, lakini ukiwa na moyo unasikia kitu kinakubana.

Halafu anaagiza chakula asichokijua. Wanamuletea nyama ya ng'ombe mbichi iliyosagwa, maana njo vile hicho chakula kinaliwaka. Hawezi kuimeza. Pia hawezi kusema kwamba hakujua. Mhudumu anapita kila mara kumuuliza kama ni tamu, naye anatikisa kichwa kwamba ndiyo, tamu sana. Basi anaanza kuificha: ndani ya mkate, ndani ya chombo cha sukari, chini ya sahani, ndani ya mkoba wa mama wa meza ya jirani, mpaka ndani ya suruali ya mpiga violini.

Hapo njo penye siri. Anayechekwa siyo mjinga anayeanguka. Anayechekwa ni mtu anayeficha kwamba hajui. Kila mmoja amekwisha kuwa pale: ofisini mbele ya karatasi ya lugha ngumu, kwenye karamu ya ukwe mbele ya chakula cha kigeni, katika mji mpya ambako umefika na bagaji na hujui hata mahali pa kuulizia. Haya haihitaji kutafsiriwa. Atkinson mwenyewe anamueleza Bean kama mtoto aliye ndani ya mwili wa mtu mzima, na ni kweli: mtoto naye anaficha namna hiyo, akifikiri hakuna anayemuona.

Sasa, Waingereza walijifunzia wapi kuongea na mwili namna hii? Turudi mwaka 1737. Wakubwa wa serikali ya London walikuwa wamechoka kuchekwa kwenye majukwaa ya teatre. Bunge likapitisha sheria: kila mchezo wa maneno lazima usomwe kwanza na afisa wa mfalme kabla ya kuchezwa. Tena, mjini London nyumba mbili peke yake, Drury Lane na Covent Garden, njo zilikuwa na haki ya kweli ya kucheza michezo ya kusema. Nyumba nyingine zilibaki na muziki, ngoma, sarakasi na maigizo ya kimya.

Matokeo unaweza kuyakisia. Afisa anaweza kusoma maneno na kuyapiga mstari. Hawezi kusoma namna mtu atakavyoteleza juu ya ganda, wala jicho atakalomupiga askari akigeuka. Waigizaji wa nyumba zile zilizokatazwa kusema wakawa mafundi wa mikono, miguu na uso. Haki ya zile nyumba mbili iliondolewa mwaka 1843, lakini kazi ya kusoma na kukata maneno iliendelea mpaka 1968. Miaka zaidi ya 230.

Aliyetoka katika shule hiyo akawa maarufu kuliko wote ni Joseph Grimaldi, aliyezaliwa London mwaka 1778. Ule uso mweupe wenye alama nyekundu kwenye mashavu, ambao watoto wanachoraka wakichora mchekeshaji wa sarakasi, umetokana kwa sehemu kubwa na yeye. Aliruka na kuanguka tangu utoto, na mwili ukamulipisha. Alipoaga jukwaa mwaka 1828 alikuwa na miaka 49 tu, na hakuweza tena kusimama vizuri. Aliigiza akiwa ameketi. Tunapocheka mtu anayeanguka, tukumbuke kwamba sakafu ni ya mbao kweli.

Baadaye, karibu na mwaka 1900, kulikuwa na mkubwa wa vikundi vya vichekesho aliyeitwa Fred Karno. Yeye naye, ili kuikwepa sheria ya maneno, alitunga michezo mifupi isiyo na mazungumzo, na vikundi vyake vilizunguka katika kumbi ambamo watu walikunywa, walikula na kupiga kelele. Mahali kama pale, hata kama ungeruhusiwa kusema, nani angekusikia? Ishara lazima ionekane mpaka nyuma kabisa. Mwaka 1910 kikundi kimoja cha Karno kilipanda meli kwenda Marekani. Ndani ya meli ile walikuwamo vijana wawili Waingereza: Charlie Chaplin na Stan Laurel.

Chaplin ni yule ambaye wazee wetu, kwa kufuata Wafaransa na Wabelgiji, wanamuitaka Charlot. Alikulia katika umaskini wa London. Alikuwa na miaka saba tu alipopelekwa katika nyumba ya kulelea maskini, mama yake akiwa hana uwezo. Ndiyo sababu njaa inarudi mara nyingi katika filme zake. Katika ile ya 1925 ya watafuta dhahabu (wachimbaji wa kwetu wangeipenda), yeye na mwenzake wamefungiwa na theluji bila chakula. Charlot anapika kiatu chake. Anakikata kwa heshima, anazungusha kamba zake kwa uma kama makaroni, analamba misumari kama mifupa ya kuku. Kiatu chenyewe kilitengenezwa kwa pipi nyeusi, lakini uso wake unakuambia kwamba ni nyama. Mtu aliyeshiba hawezi kutunga kitu kama hicho.

Sauti ilipoingia katika sinema, kuanzia 1927, wengi walikimbilia kusema. Chaplin alikataa. Mwaka 1931 bado alitoa filme yake isiyo na mazungumzo, sababu aliona wazi kwamba siku Charlot atakapofungua kinywa kwa Kiingereza, watu wengi wa dunia watampoteza.

Huyu mwenzake wa meli, Stan Laurel, alikwenda kuungana na Mmarekani mnene, Oliver Hardy, na wale wawili walifika mpaka Kongo kwa njia ambayo vijana hawaijui. Katika miaka ya 1950, padri mmisionari Mbelgiji, Albert Van Haelst, alitengeneza kule Kasai filme fupi za Matamata na Pilipili, wachekeshaji wawili Wakongomani waliofuata mfano wa Laurel na Hardy. Zilikuwa na harufu ya ukoloni, za kufundisha "wenyeji" adabu. Lakini wazee wanaozikumbuka, wanachokumbuka kwanza ni wale wawili, siyo fundisho la padri.

Turudi kwa Atkinson, sababu yeye hakuficha ufundi wake. Mwaka 1992 alitoa kwenye BBC kipindi kizima cha kueleza kichekesho cha macho, akijifanya profesa. Alisema kitu kinaweza kuchekesha kwa njia tatu: kikifanya jambo lisilotegemewa, kikiwa mahali pasipokuwa pake, au kikiwa na ukubwa usiofaa. Pima mwenyewe. Kuku mkubwa wa Noeli aliyevaliwa kichwani, katika kipindi cha desemba 1992, yuko mahali pasipokuwa pake. Kiti cha nyumbani kilichofungwa juu ya motokari ndogo, na Bean ameketi humo anaendesha kwa ufagio na kamba, ni hivyohivyo. Mlango wa ile motokari unafungwa na kofuli, kama mlango wa duka. Tena hakuiba kwa siri: amesema wazi kwamba alijifunza kwa Mfaransa Jacques Tati, ambaye Monsieur Hulot wake wa 1953 anatembea katika likizo nzima karibu bila kusema.

Lakini tusifikiri kwamba kichekesho bila maneno ni safi kila mara. Benny Hill, Mwingereza mwingine, aliuza vipindi vyake katika inchi nyingi kwa mbio zake za haraka-haraka na saksofoni. Katika mbio hizo, mara nyingi zaidi ya sherti, kulikuwa na wasichana waliovaa nguo kidogo na wanaume wanaowakodolea macho. Waingereza wenyewe walianza kulalamika, na kampuni iliyokuwa inamuonyesha ilifunga kipindi mwaka 1989. Kampuni hiyohiyo, miezi michache baadaye, njo ilionyesha Mr Bean.

Kwa wale wenye watoto nyumbani, kuna tawi lingine la mti huu. Katika mji wa Bristol, kampuni ya Aardman inatengeneza sanamu za udongo laini na kuzisogeza kidogokidogo, picha moja kwa moja. Mbwa wao, Gromit, hana hata kinywa. Anaongea kwa nyusi. Kondoo wao, Shaun, ana vipindi vyake tangu 2007 na filme ya 2015, na ndani yake hata binadamu wanaguna tu, hakuna lugha.

Ukitaka kuanza na Mr Bean kwa mpango, anza na kile cha mtihani, kisha cha mgahawa. Jaribu kimoja na sauti imezimwa. Utapoteza miguno yake na ile kwaya ya mwanzo, inayoimba kwa Kilatini kama ya misa za zamani. Mengine yote yatabaki.