"Hata Mtoto wa Nasari Anaweza Kuchora Hiyo"

Kila mtu akiposti ile picha ya Piet Mondrian ya 1930, yenye mraba mkubwa mwekundu, mistari minene myeusi na vipande vya buluu na manjano pembeni, lazima mtu aandike chini yake: hata mtoto wa nasari anaweza kuchora hiyo. Watu wanacheka, maisha yanaendelea. Mimi nasema huyo mtu yuko karibu na ukweli kuliko anavyodhani. Watoto wa nasari walikuwa wanatengeneza sanaa ya dhahania, yaani ya maumbo na rangi bila mtu wala mti, zaidi ya miaka 80 kabla ya picha hiyo. Na hawakuwa wanacheza tu. Walikuwa wanasoma jometri.

Aliyeanzisha mambo haya ni Mjerumani, Friedrich Fröbel, aliyezaliwa 1782. Kabla hajashika watoto, alishika mawe. Kati ya 1814 na 1816 alifanya kazi Berlin kwenye mkusanyiko wa madini, chini ya Christian Samuel Weiss, msomi wa fuwele. Fuwele ni yale madini yanayokua yenyewe na nyuso bapa na pembe kali, ungedhani fundi ameyakata. Fröbel alitoka hapo akiamini kwamba sheria inayojenga jiwe ndiyo inayomkuza mtu. Mwaka 1837 akafungua mahali pa watoto wadogo kwenye mji wa Bad Blankenburg, na 1840 akapaita Kindergarten, bustani ya watoto.

Vifaa vyake aliviita zawadi. Ya kwanza ni mipira laini ya sufu yenye rangi. Ya pili ni mpira wa mbao, mchemraba na silinda. Ya tatu ndiyo naipenda zaidi: mchemraba mmoja uliokatwa vipande 8 vilivyo sawa. Basi.

Na hivyo vipande 8, wacha tu. Mtoto anajenga kiti, ngazi, kitanda. Akimaliza anavigawa nne nne, halafu mbili mbili, nusu na robo ziko mkononi hata kabla hajajua kuziandika. Kisha inakuja sanaa. Anavipanga kwenye meza iliyochorwa miraba, anatengeneza kitu kama ua au nyota, ambacho hakifanani na chochote nyumbani kwao. Ukisogeza kipande cha juu, lazima usogeze cha chini, cha kushoto na cha kulia vile vile. Kila kipande kitumike. Na hakuna kubomoa uanze upya, umbo jipya linazaliwa kutoka kwa lile la zamani. Manze, huo ni ulinganifu na mzunguko, vitu ambavyo sisi tulikutana navyo Form Two tukiwa na kompasi na hofu.

Zawadi zilizofuata zilikuwa na vibao bapa vya mraba na pembetatu, halafu vijiti, halafu nukta. Angalia huo mpango. Mtoto anaanza na kitu anachoshika, anagundua kina uso, uso una ukingo, na ukingo unaishia kwenye kona. Sisi tulianzia mwisho. Mwalimu alisimama akasema nukta haina urefu wala upana, kisha akaichora kwa chaki nene. Nani angeelewa?

Serikali ya Prussia ilipiga marufuku shule hizo 1851, ikimdai Fröbel anaeneza ukanamungu na usoshalisti. Kumbe walimchanganya na Karl, mtoto wa kaka yake. Fröbel akafa 1852, na marufuku ikaondolewa 1860. Wakati huo wanafunzi wake, wengi wao wanawake, walikuwa wameshabeba zawadi nje. Margarethe Schurz alifungua ya kwanza Marekani, Watertown, Wisconsin, mwaka 1856.

Sasa cheki waliokua na hivi vitu. Mama yake Frank Lloyd Wright alikutana na zawadi kwenye maonyesho ya Philadelphia ya 1876, akamletea kijana wake wa miaka tisa. Mzee akiwa msanifu maarufu bado alikuwa anasema majengo yake yalitoka kwa vile vipande. Johannes Itten alifundisha watoto kwa njia za Fröbel, halafu 1919 akaenda kufundisha Bauhaus, shule ya sanaa ya Weimar, ambako kila mwanafunzi mpya alianza na maumbo, rangi na vifaa vya kushikwa mkononi. Sisemi kila mchoraji wa dhahania alipitia meza ya Fröbel. Lakini mtu akikuambia sanaa hiyo ilidondoka kutoka mbinguni, usimwamini.

Kuna upande mbaya pia. Baada ya Fröbel kufa, walimu wengi waligeuza zawadi kuwa gwaride: wote inueni kipande, wote wekeni kushoto. Maumbo yalibaki, kufikiri kukatoka. Hapo ndipo naogopea CBC. Wazazi wanalalamikia pesa za manila na gundi, na nawaelewa, lakini shida kubwa ni pale mtoto wa PP1 anapopewa duara lililochapishwa tayari apake rangi bila kutoka nje ya mstari. Hiyo si sanaa wala jometri. KCPE ilikufa 2023 bila karatasi ya sanaa, na bado kuna watu wanaona kipindi cha kuchora ni cha kupumzikia kutoka kwa hisabati.

Buckminster Fuller alikuwa mtoto asiyeona vizuri. Nasari walipewa vijiti vya meno na minji kavu zilizolowekwa wajenge nyumba. Wenzake walijenga maboksi, kwa sababu walikuwa wameona nyumba. Yeye alijaribu kwa vidole: mraba uliyumba, pembetatu ikakaa ngumu. Akajenga kwa pembetatu, na ukubwani akajulikana dunia nzima kwa majumba ya duara yaliyosukwa kwa pembetatu hizo hizo. Fundi yeyote wa paa pale mtaani kwenu anajua siri hiyo.

Kama uko na mdogo wako, loweka minji usiku, asubuhi mpe na vijiti. Akijenga boksi likaanguka, usimwambie kwa nini.