Joseph Thomson na Waliomtangulia

Husimuliwa mara nyingi kwamba Joseph Thomson, Mskoti, ndiye aliyeifungua njia ya Umasaini. Ni kweli kwamba alikuwa msafiri hodari, na mwezi wa Desemba 1883 alifika ukingoni mwa Ziwa Viktoria katika nchi ya Wasamia, ambao leo mpaka wa Kenya na Uganda umewagawa.

Walakini, hakuwa wa kwanza. Jumbe Kimameta, mfanyi biashara wa Pangani, aliijua njia ya Umasaini kabla yake, akafuatana naye katika safari hiyo. Thomson mwenyewe alimtaja katika kitabu chake cha mwaka 1885. Waliosahau ni wasifu wake. Huko Wanga, kwa Mumia, misafara ya Waswahili ilikwisha kufika. Na wapagazi waliobeba mizigo yake, wengi majina yao hayajulikani.

Wala haifai kuwatukuza watu wa pwani kupita kiasi: walifuata pembe, na baadhi yao waliuza binadamu. Hata hivyo, kwa misafara yao Uislamu ulipata makao Mumias, jirani ya Busia.

Basi Waislamu wa Busia na Tororo wawafundishe watoto wao habari yote, kila mtu apewe haki yake. Wallahu aalam.