Masikio Chini ya Pazia

Wahenga walisema, "Macho hayana pazia." Leo twataka kuwasimulia habari za watu walioyatilia macho pazia, kusudi masikio yapate kusema kweli.

Ndani ya redio mna sehemu iitwayo amplifaya. Kazi yake ni kupokea umeme dhaifu uliochukua mfano wa sauti, na kuutoa ukiwa na nguvu za kutosha kukitetemesha kipaza sauti. Amplifaya moja huuzwa kwa fedha kidogo, na nyingine kwa thamani ya zizi zima la ng'ombe. Mwenye duka husema kwamba ile ya ghali ndiyo yenye sauti tamu. Je, ni kweli? Shule iliyochanga fedha zake senti kwa senti ina haki ya kuuliza.

Shauri la kuyapima masikio ni la zamani kuliko amplifaya za santuri. Tangu mwaka 1915 kampuni ya Thomas Edison, huko Marekani, ilikusanya watu ukumbini. Mwimbaji alisimama kando ya mashine iliyotoa sauti yake mwenyewe, taa zikazimwa, na wengi wakashindwa kupambanua mtu na mashine. Lakini waimbaji walikuwa wakiifuatisha sauti ya mashine. Basi twaona kwamba giza peke yake halitoshi. Lazima jaribio liwe la haki.

Amplifaya za kwanza zilikuwa na kasoro za kweli. Katika simu za mbali maneno yalipita katika amplifaya nyingi, na kila moja iliongeza uharibifu wake. Tarehe 2 Agosti 1927 Harold Black, fundi wa maabara ya Bell, alikuwa akivuka mto Hudson kwa kivuko akienda kazini New York. Ghafula fikira ilimjia, akaichora juu ya gazeti alilokuwa nalo: sehemu ya umeme utokao irudishwe mwanzoni ikiwa imegeuzwa, ili makosa yajifute. Kwa njia hiyo, mwaka 1947, D. T. N. Williamson alieleza huko Uingereza amplifaya ambayo kasoro yake haikufika sehemu 1 katika 1,000.

Makosa yalipokuwa madogo hivyo, ndipo ubishi ulipozidi. Mwaka 1987 gazeti la Stereo Review la Marekani lilijaribu amplifaya kadhaa. Moja ya bei ya dola 220 hivi, nyingine za dola 12,000. Sauti zilisawazishwa kwanza, kwa kuwa ile iliyozidi kidogo tu kwa ukubwa hudhaniwa kuwa ndiyo nzuri. Wasikilizaji hawakuambiwa ni ipi iliyokuwa ikilia. Miongoni mwao walikuwamo walioamini kabisa kwamba tofauti ipo. Majibu yao yalipojumlishwa, hayakuwa bora kuliko ya mtu anayerusha sarafu.

Lakini tusiseme kwamba amplifaya zote ni sawa. Ndogo ikilazimishwa kuujaza uwanja mzima, hulemewa na kukwaruza, na hata mtoto hulisikia jambo hilo. Tena baadhi ya zile za taa za kioo hazipatani na kila kipaza sauti, nazo huibadili sauti. Tofauti kama hizo hupimika, na sikio huzitambua. Bali chombo kizima, kisichopewa mzigo kupita nguvu zake, hakizidi utamu kwa sababu ya bei wala kwa kung'aa sanduku lake.

Basi mkitaka kununua, fanyeni hivi. Sawazisheni sauti za vyombo viwili. Tungikeni pazia, mtu mmoja awe nyuma yake akivibadili kwa kura, mara 16, bila kusema neno. Kila msikilizaji aandike jibu lake mwenyewe, asimtazame mwenzake. Anayebahatisha hupata kama 8. Akipata 12 au zaidi, yafaa arudie jaribio, maana labda anasikia kitu. Wote wakipata kama 8, nunueni cha bei nafuu, na fedha itakayobaki inunulieni shule vitabu.

Sikio halina hila. Hila ni ya macho yanayolitangulia.