Sera ya faragha katika studio ya picha

SERA ya faragha ni taarifa ambamo mwenye studio humweleza mteja ni maelezo gani yake yanayochukuliwa, kwa nini, yatahifadhiwa kwa muda gani na nani atakayeyaona. Mteja anapolipia picha, hajamruhusu mpigapicha kuitundika dirishani wala kuiweka kwenye Facebook.

Kifungu cha 31 cha Katiba ya 2010 kinalinda faragha ya kila mtu. Kwa mujibu wa Sheria ya Ulinzi wa Data ya 2019, picha inayomtambulisha mtu ni data yake binafsi. Idhini aliyoitoa ili itumiwe, aweza kuiondoa wakati wowote. Ya mtoto hutolewa na mzazi au mlezi.

Mnamo Septemba 2023, Ofisi ya Kamishna wa Ulinzi wa Data iliitoza shule moja Sh4.55 milioni kwa kuchapisha picha za wanafunzi bila idhini ya wazazi.

Kompyuta yenye picha ikiibwa na wateja wakawa hatarini, sharti Kamishna afahamishwe katika muda wa saa 72 tangu wizi huo ujulikane.

Basi mteja na aisome sera kabla ya kuketi mbele ya kamera. Asipoiona, na aulize.