Mashine Iliyoshika Mawili

Januari 1984 zilizinduliwa kompyuta mbili, zikipishana kwa siku 12 tu. Tarehe 12, jijini London, Clive Sinclair alitangaza QL. Tarehe 24, huko California, Steve Jobs akaitoa Macintosh ndani ya begi, ukumbi ukalipuka kwa makofi. Kila moja ilikuwa na kumbukumbu ya kilobaiti 128, na prosesa zao zilikuwa za ukoo mmoja wa Motorola, ingawa ya QL ndiyo iliyokuwa dhaifu. Macintosh iliuzwa dola 2,495, QL pauni 399. Ajabu ni kwamba ile ya bei rahisi ndiyo iliyoendesha programu kadhaa kwa pamoja. Kwenye Macintosh, ukitaka kuchora ilibidi kwanza ufunge barua uliyokuwa ukiiandika.

Basi tusiisingizie kumbukumbu finyu.

Prosesa ya enzi zile haikufanya mawili kwa mpigo. Ilifanya kama mama lishe mwenye meko matatu: anageuza chapati, anakoroga maharage, anairudia chapati kabla haijaungua. Kazi ni kukumbuka kila chungu kilifikia wapi. Prosesa ya 6502, iliyokuwa ndani ya Apple II, ilijiwekea kumbukumbu hizo kwenye daftari la baiti 256 tu, tena lisilohamishika. Programu mbili zikabanana humo. Kwenye 6809 ya Motorola daftari liliwekwa popote, hivyo kila programu ikapata lake. Ndiyo maana Color Computer ya Tandy, kwa kilobaiti 64 tu, iliweza kuendesha OS-9, mfumo wa kazi nyingi hasa.

QL nayo ilikuwa na mfumo wa namna hiyo, QDOS, kazi ya Tony Tebby. Kilichoiponza ni pupa. Ilitangazwa haijaiva, wateja wakasubiri kwa miezi, na za mwanzo zikawafikia zikiwa na kipande cha saketi kimechomekwa kwa nyuma, maana mfumo wenyewe haukuenea ndani. Badala ya disketi ilitumia vikanda vidogo vya Microdrive, ambavyo vilijipatia sifa ya kugoma.

Mwaka 1985 ikaja kompyuta ya Amiga. Exec, kiini cha mfumo wake kilichoandikwa na Carl Sassenrath, iliinyang'anya programu prosesa zamu yake ikiisha, bila kuiomba, na yote hayo kwa kilobaiti 256. Ila hapakuwa na ukuta kati ya programu na programu. Moja ikiteleza, huenda zote zikaanguka, na juu ya skrini kikamemeta kisanduku chenye maandishi mekundu: Guru Meditation. Kwangu mimi, hiyo ndiyo iliyokuwa kasoro kubwa ya mashine zile, kuliko udogo wake.

Mwaka 1986 kampuni ya Amstrad iliinunua biashara ya kompyuta ya Sinclair na kuizika QL. Mmoja wa waliokuwa nayo ni Linus Torvalds, kijana wa Helsinki. Mwaka 1991 alitoa Linux, kiini cha mfumo endeshi, ambayo leo imo ndani ya kila simu ya Android.