Vitimbi Bila Mzee Ojwang

Mwaka 2015 uligeuza utazamaji wa runinga Meru na Embu mara mbili. Mwanzoni mwa mwaka mitambo ya analogia ilianza kuzimwa, Meru ikiwa kwenye awamu ya pili ya ratiba ya serikali, na nyumba isiyokuwa na king'amuzi ikabaki na kioo cha vidoti na mchakacho. Kisha tarehe 12 Julai, Benson Wanjau, ambaye Wakenya walimjua kama Mzee Ojwang Hatari wa kipindi cha vichekesho cha Vitimbi, akafariki Nairobi. Leo picha inaingia safi hata Ishiara na Mutuati. Vipindi vya zamani vinarushwa upya na majina ya zamani yanafufuliwa kwa sura mpya. Vya zamani wazee hutazama hadi mwisho. Vile vilivyofufuliwa huviacha katikati, wakaenda kuangalia ng'ombe.

Runinga ilianza Kenya mwaka 1962, na kwa karibu miaka thelathini kituo kilikuwa kimoja tu: Sauti ya Kenya, iliyogeuzwa kuwa KBC mwaka 1989. KTN ilipofunguliwa mwaka 1990 ilikuwa ya watu wa Nairobi. Huku kwetu stima ilikuwa ya mjini, ya misheni na ya viwanda vya majani chai. Kwingine mwenye duka ndiye aliyekuwa na runinga, mara nyingi Great Wall ya picha nyeusi na nyeupe, iliyotumia betri ya gari. Betri ikiisha nguvu, ilifungwa kwenye baiskeli ikapelekwa penye stima ikachajiwe. Antena ilifungwa kwenye mti mrefu, na kijana alisimama nje akiizungusha huku walio ndani wakimpigia kelele, "Hapo! Rudi kidogo!" Mtu hakutazama Vitimbi peke yake. Alitazama amebanwa kati ya majirani, na utani uliompita alielezwa kwa Kimeru au Kiembu kabla ya mwingine kufika.

Vioja Mahakamani, kipindi cha vichekesho vya kesi kilichoanza mwishoni mwa miaka ya 1970, nadhani kilipendwa huku kwa sababu yake ya pekee. Wameru ni watu wa kesi. Njuri Ncheke, baraza la wazee lenye makao yake Nchiru, Tigania, lilisikiliza mashauri ya mashamba na mahari kabla mahakama ya serikali haijafika, na bado linasikiliza. Embu nako kiama cha wazee kilikuwa na heshima yake. Kwa watu waliozoea kukaa nusu siku wakimsikiliza mshtakiwa akizunguka, kumwona Ondiek Nyuka Kwota au Makokha kizimbani, akijifunga kwa maneno yake mwenyewe, kulikuwa ni kutazama ufundi wanaoufahamu. Walitoa hukumu kabla ya hakimu, wakaendelea kuipinga njiani hadi nyumbani.

Kipindi hicho kimedumu kwa miongo, mahakimu na washtakiwa wakipokezana. Lakini katika vipindi vya miaka ya karibuni naona haraka iliyoingia. Mshtakiwa anafika na kichekesho kimekwisha kupikwa, anakitema, hukumu inatoka. Ule mzunguko, uongo unaojengwa juu ya uongo hadi unaporomoka wenyewe, umekatwa, na bila huo hakuna kesi ya kusikiliza.

Vitimbi kilisimama juu ya watu wawili. Wanjau alikuwa Mkikuyu aliyeigiza Mjaluo. Mary Khavere, yaani Mama Kayai, alikuwa mkewe wa kwenye runinga kwa muda mrefu hata wengi wakaamini ni mkewe wa kweli. Rudia kuvitazama vipindi vyao utaona wanavyosikilizana. Mzee anaanza kujigamba, Mama Kayai anajua pale gamba litakapopasuka, anangoja, analiacha lipasuke, ndipo anaposema neno lake moja. Mngojeo ule ni kazi ya miaka. Hauji kwa kumtafuta mtu mwenye sauti inayofanana na kumvika nguo zile zile.

Waingereza waliliona mapema hili la kubadilisha watu. Mind Your Language, kipindi cha darasa la wageni wanaojifunza Kiingereza London, kilirushwa kwao kati ya 1977 na 1979. Kilipofika Kenya tulikifanya chetu, na watu wa makamo bado wanamwigiza Ranjeet akiomba radhi. Mwaka 1986 kilifufuliwa kwa vipindi 13. Barry Evans, aliyekuwa Mwalimu Brown, alirudi. Dino Shafeek, aliyekuwa Ali, alikuwa amefariki mwaka 1984, na madawati kadhaa yalikaliwa na sura ngeni. Darasa lilikuwa lile lile, na halikuvuka vipindi hivyo 13. Knight Rider, iliyotupagawisha miaka ya 1980 kwa gari linalosema, ilirudishwa Marekani mwaka 2008 na gari jipya na dereva mpya, ikamaliza msimu mmoja. Dallas ndiyo inayonithibitishia jambo hili zaidi. Iliporudi mwaka 2012 ilirudi na Larry Hagman mwenyewe, nyota wake wa zamani, na ilipata pumzi kwa sababu yake. Hagman alifariki Novemba mwaka huo huo. Mwaka 2014 kipindi kikakwisha.

Kwa hiyo kipindi ni watu wake, na watu hao kwetu hawakutunzwa. Macho ya Mzee Ojwang yalipoharibika miaka michache kabla ya kifo chake, ni Wakenya wa kawaida waliochangishana ili atibiwe. Mtu aliyewachekesha Wakenya tangu miaka ya 1980 hakupaswa kungoja mchango. Hilo linaniuma kuliko ufufuo wowote mbaya. Kituo cha Citizen kilionyesha busara Charles Bukeko, aliyeigiza Papa Shirandula, alipofariki tarehe 18 Julai 2020: hakuna aliyevalishwa sare ya Papa Shirandula ili kuendeleza jina.

Wakati huo huo lafudhi zetu wenyewe zimepanda jukwaani bila kufufua lolote. Jasper Muthomi wa Imenti Kusini, anayejulikana kama MC Jessy, aliipeleka lafudhi ya Kimeru kwenye kipindi cha vichekesho cha Churchill Show, na nchi ikacheka na Mmeru anayejisemea mwenyewe. Baite TV na Weru TV zinarusha kwa Kimeru, na vijana wanapiga picha vichekesho vyao mashambani kwa simu. Vingi ni vibichi. Lakini vina kile kitu cha Vitimbi, watu wanaojuana wakikatizana maneno.

Kwa KBC naomba jambo dogo. Kanda za Wanjau na Khavere, za Ondiek na Makokha, zihamishwe kwenye hifadhi ya kidijitali kabla hazijaoza, zirushwe jinsi zilivyo, zikiwa na mwaka wake na majina halisi ya waigizaji wote, hata yule aliyeleta chai na kutoka. Na kila zinaporushwa, mirabaha ipitie chama cha haki za waigizaji hadi imfikie mwigizaji aliye hai au familia ya aliyefariki.