Ushughulikiaji wa Vikatizo katika Kompyuta Pepe

Kikatizo ni ishara ambayo kifaa, kama vile kadi ya mtandao au diski, huipelekea prosesa ili isitishe kazi na kukihudumia. Kwenye kompyuta pepe, ishara hiyo kwa kawaida hupokewa kwanza na haipavaiza, programu inayogawa prosesa kwa mifumo migeni, yaani mifumo endeshi ya kompyuta pepe, kisha huufikia mfumo unaohusika.

Xen, haipavaiza iliyobuniwa Chuo Kikuu cha Cambridge na kuelezwa mwaka 2003, ilitumia njia za matukio: haipavaiza huwasha biti kwenye kumbukumbu ya pamoja, na keneli (kiini) ya mfumo mgeni, iliyorekebishwa mahususi, huisoma. KVM, haipavaiza iliyoingia Linux 2.6.20 mwaka 2007, haidai marekebisho hayo. Huiga kidhibiti cha vikatizo na kutegemea usaidizi wa prosesa yenyewe, yaani Intel VT-x au AMD-V.

Ugumu halisi uko kwenye gharama. Kila mara mfumo mgeni unaposimamishwa ili haipavaiza ishike usukani, hali ya prosesa huhifadhiwa na kupakiwa upya, na mamia ya mizunguko hupotea, pengine maelfu. Kwa seva inayopokea pakiti mfululizo, hasara hiyo ni kubwa mno. Ndiyo maana prosesa mpya za Intel huweza kuufikishia mfumo mgeni kikatizo huku ukiendelea kufanya kazi, bila kuusimamisha.